Bawaba za Sakristia

Januari hii, baada ya matangazo ya ndoa, ukutani zikawaka hesabu za mwaka za parokia: mistari minane, rangi mbili. Nikanyoosha kidole. Mpwa wangu, binti wa miaka 19, akaushika mkono wangu akaushusha. "Shangazi, unamuuliza nani? Ile ni kompyuta." Nyumbani nikamwambia kwamba zamani watu waliuliza, tena humo humo kanisani. Akacheka, akidhani natia chumvi.

Mweka hazina wetu wa zamani hizo alikuwa fundi cherehani mwenye kibaraza chake Biryogo, Kigali. Siku zote nasema hayo yalikuwa 1986. Nimetazama kadi yangu ya kipaimara, kumbe 1988. Haidhuru. Kigali ilikuwa jimbo kuu tangu 1976, lakini mambo ya jimbo kuu sisi hatukuyajua. Tulijua daftari. Lilikaa droo moja na mafuta ya cherehani, hata likifunguliwa pale mbele harufu yake ilifika benchi la tatu ikishindana na ubani. Tepu ya kupimia ilibaki shingoni mwake kama stola. Kila alichokwisha kusoma alikitia alama kwa chaki ya nguo, ya buluu.

Alisoma vyote. Mishumaa. Divai. Posho ya katekista. Maharage ya mavuno, madebe mangapi. "Kuku watatu, mmoja alitoroka kabla ya kuuzwa." Hakuna aliyecheka, maana aliyemtoa kuku yule alikuwa amekaa pale pale. Alisoma kwa Kinyarwanda, ila jumla aliirudia kwa Kiswahili, kwa ajili yetu sisi wa sokoni tuliozoea kuhesabu faranga kwa lugha hiyo.

Mwaka mmoja akasoma: bawaba mbili za mlango wa sakristia. Mama mmoja muuza dagaa akasimama. Bawaba za bei hiyo ni za dhahabu? Fundi akavua miwani, akaifuta taratibu kwa ncha ya shati. "Mama, misa ikiisha nenda ukazione." Tukaenda karibu wote. Mlango ukafunguliwa, ukafungwa, ukafunguliwa, mpaka padri akatusihi tumwachie nafasi avue kasula. Yule mama akazipapasa bawaba kama anayekagua samaki. "Nzuri," akasema. "Lakini wamekupunja." Mwaka uliofuata akatumwa yeye dukani.

Baada ya ile miaka ya mauaji ya kimbari daftari halikuonekana tena, wala fundi, wala muuza dagaa.

Zikaja karatasi za taipu, zikabandikwa mlangoni, mvua ikazisoma kabla yetu. Mwaka 2010 ikaja MoMo, pesa za kwenye simu. Machi 2020 makanisa yakafungwa, sadaka ikahamia kwenye simu, na nyingine haijarudi kikapuni hadi leo. Hesabu za siku hizi ni safi, sikatai. Hata Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 1287, inataka waamini wapewe hesabu ya walichotoa. Sidhani kama fundi aliwahi kuisoma. Siku hizi inatimizwa ndani ya dakika moja, na wimbo wa kutokea unaanza. Mstari wa sita pale ukutani ulisema "Ukarabati", neno moja na tarakimu saba. Ukarabati wa nini?

Jumapili iliyofuata nilipitia mlango wa sakristia. Nikausukuma kidogo. Haukulia. Bawaba ni mpya, au zimetiwa mafuta tu. Kwa macho yangu haya sikuweza kutofautisha.