Issenye: Nchi ya Marika na Vijana wa Serengeti

Ndugu msomaji, jina la Serengeti hulikuti mbugani tu. Mfanyakazi wa mjini hulikuta kwenye kalenda iliyotundikwa ukutani ofisini, kwenye chupa ya bia, na kwenye kurasa za michezo, ambako timu yetu ya taifa ya vijana wenye umri usiozidi miaka 17 huitwa Serengeti Boys. Wengi wetu tumeishangilia timu hiyo bila kukanyaga kamwe nchi iliyoipa jina. Leo nakualika tufunge safari hadi Issenye, katika Wilaya ya Serengeti, Mkoa wa Mara, tuitazame historia ya vijana hao tukiwa huko. Pengine utauliza: ya nini kwenda mbali kiasi hicho kwa sababu ya kandanda linalochezwa Dar es Salaam? Vumilia kidogo. Jibu utalipata kwa wenyeji.

Ukiwa abiria wa basi litokalo Mwanza kwenda Musoma, Ziwa Victoria litakuwa mkono wako wa kushoto, na kabla hujafika Bunda utapita karibu kabisa na mpaka wa magharibi wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Bunda ndiko unakoiacha barabara kuu na kuelekea mashariki. Utapita Nyamuswa katika nchi ya Waikizu, uende mpaka Nata, kisha Issenye. Ukiendelea mbele utafika Mugumu, makao makuu ya wilaya. Hapo utakuwa umeingia katika nchi ya makabila madogo yanayoishi bega kwa bega: Waikizu, Wanata, Waissenye, Waikoma na Wangoreme. Lugha zao zinakaribiana, na mila zao zinakaribiana zaidi.

Usitegemee kuona uwanda mtupu kama ule wa kwenye kalenda. Upande huu una vilima na miti ya migunga, na Mto Grumeti hauko mbali, kwa upande wa kusini. Watu hulima mahindi, mtama, ulezi, mihogo na pamba, na hufuga ng'ombe, mbuzi na kondoo. Wanyama wa porini nao ni majirani. Kila mwaka makundi ya nyumbu hupita katika ukanda huu wa magharibi yakielekea kaskazini. Tembo huvuka mpaka wa hifadhi na kuingia mashambani, na usiku mmoja waweza kumaliza jasho la msimu mzima. Mtu wa hapa hahitaji kufundishwa kwamba kila jambo lina msimu wake, na kwamba msimu ukipita haurudi.

Issenye ina shule ya sekondari. Na katika nchi yetu, penye shule pana uwanja, na penye uwanja pana vijana wanaokimbiza mpira hadi giza liwatenganishe. Mtoto wa huku huanza kama anavyoanza mtoto wa Temeke au wa Mabatini: kwa chandimu, miguu mitupu, mpira wa matambara uliokazwa kwa kamba, na mawe mawili yakiwa ndiyo goli. Tofauti yake na mtoto wa mjini haiko miguuni. Iko katika namna ambavyo wazee wake walivyohesabu umri, na hilo ndilo lililotuleta huku.

Kwa desturi ya kale, mzee wa nchi hii ukimwuliza umri wake hakutajii mwaka. Hukutajia rika lake. Waissenye husimulia kwamba wahenga wao waliishi mahali paitwapo Nyeberekera, upande wa mashariki, kabla misukosuko haijawatawanya. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 nchi hii iliandamwa na mashambulizi ya Wamasai, njaa na maradhi. Na katika miaka ya 1890 sotoka ikaangamiza ng'ombe na ndui ikaua watu. Makazi yalihama na koo zikasambaratika. Kilichowaunganisha watu upya, kama wanahistoria walivyoandika, kilikuwa rika. Vijana waliotahiriwa wakati mmoja walihesabiwa ndugu, mmoja awe Mwissenye, mwingine Mnata na mwingine Mwikoma. Makundi makubwa ya marika, yaani Busaai, Borumarancha na Bongirate, yakagawana nchi na ulinzi wake.

Rika lilikuwa na zamu. Lilipokea kazi yake, likaifanya kwa miaka yake, kisha likawaachia wadogo. Kiswahili chenyewe kimefaidika na mila hii. Neno kung'atuka limetoka kwa Wazanaki, majirani katika mkoa huu huu wa Mara, na aliyelifanya lijulikane na taifa zima ni Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa Butiama, alipoacha urais mwaka 1985. Kung'atuka si kushindwa wala kufukuzwa. Ni kuondoka kwa heshima wakati wako ulipokwisha, ili anayekufuata apate mahali pa kusimama.

Hilo, ndugu msomaji, ndilo jibu nililokuahidi. Timu ya vijana wa chini ya miaka 17 ni rika. Haifanani na Simba wala Yanga, ambako mchezaji mzuri aweza kukaa miaka 10. Ni timu ambayo kila anayeingia anajua siku ya kutoka, hata kama amefunga mabao kiasi gani. Kwa hiyo historia yake si historia ya kikosi kimoja, ni historia ya marika yanayopokezana jezi. Na doa lake kubwa lilitokea pale mmoja alipovaa jezi ambayo zamu yake ilikuwa imekwisha.

Rika la kwanza la kukumbukwa ni lile lililowania fainali za vijana wa Afrika za mwaka 2005, zilizofanyika Gambia. Vijana wetu walicheza vizuri, wakashinda mechi za mchujo, wakafuzu. Nchi nzima ilifurahi. Kisha Shirikisho la Soka la Afrika, CAF, likabaini kwamba mchezaji wetu mmoja alikuwa amezidi umri, na Tanzania ikaondolewa. Njia ya mwongo ni fupi. Lakini tazama ni nani walioumia. Kikosi kizima cha vijana, ambao wengi wao hawakuwa na kosa lolote, walibaki nyumbani huku wenzao wakienda. Wenyeji Gambia walitwaa kombe lile kwa kuifunga Ghana katika fainali. Vijana wetu hawakupata hata nafasi ya kufungwa. Na kwa kuwa miaka 17 haingoji, mashindano yaliyofuata hayakuwa yao tena.

Tukumbuke pia hali ya michezo ya shule wakati ule. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa shule za sekondari yalisimamishwa, yakaja kurejeshwa baada ya uchaguzi mkuu wa 2005. Hasara haikuwa ya vipaji peke yake. Shuleni ndipo mahali ambapo mwalimu humjua mtoto tangu alipoandikishwa, na rejista huonyesha yuko darasa gani na tangu lini. Mpira wa vijana ukiondolewa shuleni, umri hubaki kuwa neno la mdomo.

Miaka ikapita. Mwaka 2016 rika jingine, chini ya kocha Bakari Shime, lilianza safari ya kuzitafuta fainali za 2017. Liliifunga Shelisheli jumla ya mabao 9 kwa 0, likaitoa Afrika Kusini kwa jumla ya 3 kwa 1, kisha likakutana na Kongo Brazzaville. Dar es Salaam tulishinda 3 kwa 2. Kule Brazzaville tukafungwa 1 kwa 0. Mabao yakawa sawa, na Kongo wakapita kwa faida ya mabao ya ugenini. Ilionekana yamekwisha.

Lakini palikuwa na malalamiko juu ya umri wa mchezaji mmoja wa Kongo. CAF liliagiza apelekwe kupimwa, na hakupelekwa. Kongo wakaondolewa, na nafasi ikawa yetu. Angalia, msomaji, jinsi mizani ilivyogeuka: sheria ile ile iliyotunyima Gambia mwaka 2005 ndiyo iliyotufungulia mlango wa Gabon mwaka 2017. Kama tungekuwa tumeilaumu sheria ile wakati ilipotuumiza, tungekuwa na uso gani wa kuishukuru ilipotusaidia?

Huko Gabon, mwezi wa Mei, vijana walitoka suluhu na Mali bila kufungana, wakaifunga Angola 2 kwa 1, wakabakiza mechi ya Niger. Sare peke yake ingewafikisha nusu fainali na, pamoja na hayo, Kombe la Dunia la vijana nchini India. Wakafungwa 1 kwa 0. Walilingana na Niger kwa pointi 4, lakini Niger ndiyo iliyopita kwa kuwa ilikuwa imewafunga. Mali, ambayo haikuweza kuwafunga vijana wetu, ilitwaa kombe.

Rika lile lilirudi bila kombe, lakini halikurudi mikono mitupu. Dickson Job na Kibwana Shomari walipanda wakafika Yanga, na Job akawa beki wa Taifa Stars. Hivyo ndivyo rika linavyofanya kazi inavyopasa: kijana humaliza zamu ya chini, humwachia mdogo wake, naye hupanda ya juu. Kijana aliyechezea umri wake wa kweli akashindwa akiwa na miaka 17 bado ana miaka 15 ya kandanda mbele yake. Aliyepunguza umri miaka minne akashinda, amejiibia miaka hiyo minne kutoka mwisho wa maisha yake ya mpira.

Rika la 2019 lilikuwa na bahati ya kucheza nyumbani, maana Tanzania ilikuwa mwenyeji wa fainali hizo mwezi wa Aprili. Mechi ya ufunguzi dhidi ya Nigeria ilimalizika kwa mabao 9: wao 5, sisi 4. Kisha tukafungwa 3 kwa 0 na Uganda, na 4 kwa 2 na Angola. Tukatoka bila pointi hata moja, na wengi walirudi nyumbani wakinung'unika. Lakini baada ya mashindano hayo Guinea, iliyokuwa imefika fainali na kushindwa na Kameruni kwa mikwaju ya penalti, ilipatikana na hatia ya kudanganya umri na ikapoteza nafasi yake ya Kombe la Dunia. Nakuachia swali hili: ni timu ipi ungependa mwanao aichezee, iliyofungwa mara tatu mchana kweupe, au iliyofika fainali kisha ikavuliwa heshima?

Siku hizi uongo wa umri hauna pa kujificha kama zamani. Tangu mwaka 2009 FIFA hupima kifundo cha mkono cha kijana kwa mashine kubwa ya sumaku inayoonyesha mifupa kwa ndani. Mfupa wa mtoto anayekua una sehemu laini karibu na ncha, ambayo hujifunga polepole kadiri anavyokomaa. Ikiwa imejifunga kabisa, ni nadra sana mwenye mkono huo kuwa chini ya miaka 17. Hata hivyo mashine haiwezi kutaja siku aliyozaliwa mtoto. Hiyo huijua mzazi, na karatasi aliyoitunza.

Hapa ndipo Issenye na mji vinapokutana. Kwa miaka mingi watoto wengi wa nchi hii, wa shamba na wa mjini, wamekua bila cheti cha kuzaliwa. Kijana mwenye kipaji akionwa na wakubwa wa mpira, anayemshauri apunguze umri mara nyingi si adui yake; ni kocha anayetaka kombe, au mjomba anayemtakia mema. Kijana hana karatasi ya kumtetea, naye ni mdogo, na waliomzunguka ni watu wazima. Tunapomlaani mchezaji aliyedanganya, tukumbuke kwamba uongo ule aghalabu uliandikwa na mkono wa mtu mzima.

Kwa hiyo, baba na mama mnaosoma gazeti hili Jumapili baada ya wiki nzima ya kazi, mchukulieni mtoto cheti chake mapema, kabla kipaji chake hakijaleta vishawishi. Mfundisheni kwamba kukaa katika rika lake si kurudishwa nyuma. Na likizo ikipatikana na nauli ikiruhusu, mleteni huku Mara, umbali mfupi kutoka kwao Mwalimu. Aone nyumbu wakipita kwa wakati wao. Kisha mketishe jioni kando ya uwanja wa Issenye atazame wakubwa wakiondoka na wadogo wakiingia, bila mtu kumsukuma mwenzake. Wazee wa nchi hii walijua hayo kabla mpira haujafika kwao: ukikaa katika zamu ya mdogo wako, umempokonya yeye, na yako mwenyewe umeipoteza.