Taa Iliyozimika Njia ya Sikonge

Isevya, Tabora

Mpwa wangu,

Ujumbe wako wa sauti mjomba wako ameusikiliza mara mbili, mara ya pili kavaa miwani, kana kwamba miwani husaidia masikio. Taa imekata ghafla, fulu na dimu kwa pamoja, pikipiki ikitokea Sikonge na abiria mgongoni. Asubuhi fundi wa kijiweni kaichungulia, kasema wayaringi yote imekufa, itafutwe mpya. Isitafutwe kwanza. Mjomba wako anaandika kwenye karatasi kwa sababu mambo ya waya kwenye simu hukatika katikati, na karatasi hukunjwa ikakaa chini ya siti.

Wa kwanza kusimuliwa awe mwandishi mwenyewe, asije akaonekana alizaliwa anajua. Pikipiki yake ya kwanza ilikuwa ya Kichina, ya mkononi kwa mtu. Mwezi mmoja wa mvua ilimla balbu tatu. Ya kwanza alisema ni mbovu. Ya pili alimlaumu muuza duka, na maneno yakawa makali mpaka watu wakasogea kusikiliza. Ya tatu iliungua njiani, nyama ya Idi ikiwa kwenye kapu, na hapo akanyamaza. Fundi mmoja mzee wa mtaa wa Ng'ambo hakuigusa taa kabisa. Alifungua siti, akabana mita kwenye betri, injini ikawashwa, moto ukaongezwa. Namba zikapanda: 13, 14, 15, zikaelekea 16. Mzee akacheka. Rektifaya, kile kidude chenye mapezi ya alumini kinachougeuza umeme wa magneto na kuuzuia usizidi, kilikuwa kimeacha kuzuia. Betri ya volti 12 iliyo nzima, injini ikinguruma, husoma kati ya 13.5 na 14.8 hivi, ikipita 15, balbu haina kosa. Balbu ya halojeni ikizidishiwa volti kwa asilimia 5 tu, umri wake hupungua karibu nusu. Muuza duka aliombwa radhi, ingawa si siku hiyo.

Barua ikitoka Tabora, misafara haikosi kutajwa. Wasafiri Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakaingia Kazeh, yaani hapahapa, tarehe 7 Novemba. Stanley, mtu wa haraka zake, alitoka Bagamoyo Machi 1871 na kufika Juni 23. Usiku haukuwa wa kutembea ila kwa shida maalumu. Wapagazi wa Kinyamwezi walijitwika mizigo alfajiri, wakatua kabla jua halijachoma, wakazungushia kambi miiba na kuwasha moto. Leo kijana huondoka Sikonge, kilomita 70 hivi, watu wakitoka kuswali isha, na ugali anaukuta Isevya ungali na mvuke. Usiku huo wote kaununua kwa uzi mwembamba wa wati 35.

Katika msafara, mbele alikwenda kirangozi na bendera yake. Mstari uliposimama, aliyekuwa mwisho kabisa hakujua sababu: mto umejaa, hongo inadaiwa, au kuna aliyechomwa na mwiba. Habari ilimfikia kinywa kwa kinywa. Sasa taa ya pikipiki iko mbele kwa macho tu. Kwa umeme ndiyo ya mwisho mstarini. Umeme umetoka kwenye magneto, ukapita rektifaya na betri, ukapita fyuzi, ufunguo, swichi ya mkononi, ukapenya shingo ya usukani, ukafika kwenye soketi ya balbu, kisha ukatafuta njia ya kurudi kwa waya wa hasi. Anayebadilisha wayaringi nzima kafukuza msafara mzima kwa sababu mpagazi mmoja kakaa chini.

Fundi wa Ng'ambo alikuwa na desturi ya kuuliza kwanza nani bado anatembea. Honi inalia? Indiketa zinapepesa? Kama vyote kimya, kesi iko nyuma, kwenye fyuzi, betri au ufunguo. Kama honi inalia na taa ya nyuma inawaka, huko nyuma ni salama na kesi imesogea mbele. Fulu na dimu kufa pamoja nako kuna maana yake. Balbu hizi, nyingi zimeandikwa 12V 35/35W, zina nyuzi mbili. Nyuzi mbili kukatika dakika moja ni nadra, isipokuwa volti zimefurika. Uzi mmoja ukikatika, mwenzake hubaki. Kwa hiyo zikifa zote na balbu ikitazamwa nyuzi zake ni nzima, hutafutwa kile zinachochangia.

Kuna kitufe cha kidole cha shahada ambacho madereva hukitumia kusalimiana au kutukanana, kile cha kumulika fulu mara moja. Kwenye pikipiki nyingi umeme wake haupiti kwenye swichi kubwa ya taa. Kikibonyezwa taa ikamulika, wakati swichi kubwa haiwashi kitu, basi balbu, soketi na hasi vimethibitishwa kwa mpigo mmoja, na mshtakiwa ni swichi. Vumbi jekundu la kiangazi huingia humo, mvua ya Novemba ikalikuta, shaba ikaota ukungu wa kijani. Hufunguliwa, ikasuguliwa kwa msasa laini, ikarudi kazini.

Kisha shingo, na hapa mjomba wako hana budi kukaa kidogo. Mwaka jana, chini ya mwembe jirani na stesheni, kijana mmoja alikuwa na taa inayozimika kila akikata kona ya kushoto, ikirudi akinyoosha. Kijiwe kizima kilikuwa na maoni, pamoja na mmoja aliyetaja ushirikina. Usukani ukazungushwa taratibu, taa ikiwa imewashwa, kushoto hadi mwisho: giza. Kulia: mwanga. Mjomba wako akapitisha vidole kwenye fungu la waya linapopinda kuingia nyuma ya taa. Moja baada ya nyingine zilikuwa ngumu kama vijiti vya mtama. Moja ikalegea kama tambi iliyochemka. Gamba la plastiki lilikuwa zima kabisa, halina hata mkwaruzo, lakini shaba ndani ilikuwa imekatika kwa kupindwa huku na huku kila siku. Ikachunwa, ikaungwa kwa risasi, ikavishwa kimpira. Ikaachiwa ulegevu kidogo, maana waya uliokazwa shingoni hukatika palepale tena. Gharama yote ilikuwa risasi na soda moja, na soda alikunywa yule wa ushirikina.

Pasipo mita, testa ya kienyeji inatosha: balbu ndogo ya indiketa na waya mbili. Waya mmoja hugusishwa kwenye tundu la umeme la soketi, mwingine kwenye bolti isiyo na rangi ya fremu, ufunguo ukiwa umefunguliwa. Pikipiki nyingine taa yake hulishwa na magneto moja kwa moja, haiwaki injini ikiwa imezimwa, na huongezeka nguvu moto ukiongezwa. Hizo hupimwa injini ikiunguruma. Testa ikiwaka, umeme umefika, na mbaya ni hasi au balbu. Isipowaka, mpimaji hurudi nyuma hatua moja. Kwenye pikipiki za Kichina zilizofuata mtindo wa Honda, waya wa kijani ndio hasi. Aina nyingine zina rangi zao, zisikisiwe.

Fyuzi iliyokatika hubadilishwa kwa namba ileile. Ile tabia ya kuviringisha karatasi ya ng'aring'ari ya sigara ni kuitoa fyuzi kazini na kuiweka wayaringi mahali pake, iungue yenyewe. Fyuzi mpya ikikatika papo hapo, kuna shoti. Mara nyingi ni chini ya tenki, waya uliposagwa na fremu.

Na zile taa mbili za spoti zilizofungwa mwezi uliopita, pamoja na spika? Taa ya mbele peke yake hula karibu ampea 3. Spoti mbili za wati 20 kila moja huongeza ampea 3 nyingine na zaidi, na kama zimeungwa kwenye waya uleule wa taa, swichi ile haikutengenezwa kwa karamu hiyo. Zipewe waya wao kutoka kwenye betri, na fyuzi yao. Spika ni hukumu ya abiria.

Balbu mpya ishikwe kwa kitambaa. Kioo cha halojeni kikiachwa na mafuta ya vidole, pale penye alama hupata joto kuliko pengine na kupasuka mapema.

Kuhusu ule usiku wenyewe, abiria kasimulia yake. Inasemekana pikipiki iliendelea, tochi ya simu ikishikiliwa kwa meno. Mwendo wa 60 kwa saa hukata mita 16 na ushei kila sekunde, na barabara ile ina baiskeli za mkaa zisizo na hata kiakisi, na ng'ombe wanaopenda lami kwa joto lake. Taa ikifa, mkono huachia moto bila kukanyaga breki kwa hofu, indiketa ya kushoto huwashwa, pikipiki hushushwa nje ya lami, abiria akashuka. Swichi ya fulu na dimu huchezwa mara mbili tatu, fyuzi hutazamwa. Visiposaidia, kijiji cha mbele kina watu, na watu wana mikeka.

Kondakta wa basi la asubuhi atakukabidhi kifurushi. Ndani kuna testa, fyuzi mbili za ampea 10, na chupa ya asali kutoka kwa shangazi yako. Kifuniko cha chupa hakifungi vizuri, kwa hiyo kifurushi kibebwe wima. Kama namba kwenye fyuzi ya zamani si 10, hizo ziachwe. Jumapili pikipiki iletwe huku, lakini iletwe mchana.

Mjomba wako