Kabla Hujampakia Popi Garini

Mpwa wangu,

 

Mama yako amenieleza kwamba mwezi ujao unahamia huku Iringa, na mbwa wako Popi utamfunga kamba nyuma ya pikapu. Tafadhali usifanye hivyo. Katika kazi yangu ya ubwana mifugo nimeletewa mbwa walioruka gari likiwa mwendoni, wakabaki wananing'inia kwa shingo. Pikapu yako ina viti vya nyuma. Akae hapo, amevaa mkanda wa kifuani ulioshikizwa kwenye mkanda wa kiti. Wa shingoni usiufunge popote garini. Ukimwacha bila kumfunga, siku utakayokanyaga breki ghafla gari litasimama, yeye atarushwa mbele kwa kasi ile ile mliyokuwa nayo, na kichwa chako kiko mbele yake.

Joto ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Anajipoza kwa kuhema, na hewa ikishakuwa ya moto, kuhema hakumfai. Nje kukiwa na nyuzi 30, gari lililoegeshwa juani hufika 40 ndani kwa dakika kama 10, hata ukiacha kioo wazi kidogo. Kwa hiyo ondokeni alfajiri, na usije peke yako. Mkisimama Chalinze au Morogoro kula, mmoja wenu abaki naye kivulini na bakuli la maji. Ukimwona anahema mfululizo, udenda umekuwa mzito, fizi zimeiva wekundu, au anayumba, mpeleke kivulini upesi, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, kisha mtafute daktari wa mifugo hata akionekana amepata nafuu.

Halafu kuna Mikumi. Barabara inakatiza hifadhi kwa kilomita kama 50, na Popi akianza kuhangaika utashawishika kusimama ili ajisaidie. Usisimame! Mshushe kabla ya kuingia hifadhini, kisha asikanyage ardhi mpaka mfike Mikumi mjini. Unajua kuna simba na chui, lakini Popi naye anaweza kuwa hatari kwao. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, kama 1,000, na watafiti waliuhusisha na mbwa wa vijiji vya jirani. Mbwa aliyeambukizwa huweza kuonekana mzima siku za mwanzo. Nililisikia jambo hilo nikiwa kazini, na tangu hapo sijawahi kuichukulia chanjo ya mbwa kuwa shauri la mwenye mbwa peke yake.

Mpeleke kwa daktari wiki hii, maana chanjo huchukua muda kabla ya kumkinga. Achanjwe distempa na kichaa cha mbwa kama muda umepita, ubebe cheti chake, na uulize habari za kibali cha kumtoa mkoani.

Chakula mpe jioni ya kuamkia safari. Asubuhi maji yanatosha, kwa sababu kona za Mlima Kitonga njiani hutapisha hata watu. Kuanzia sasa mzungushe mtaani kwa gari mara kwa mara alizoee. Blanketi analolalia usilifue, lije na harufu yake. Banda nimeshaanza kulijenga uani.

Mjomba wako