Mwanangu Ataka Kwenda Kucheza Mpira

Mimi ni mkulima wa Nzega, nina mke na watoto watano, na leo naomba nafasi kidogo niwaeleze jambo lililoingia nyumbani mwangu mwaka jana, wakati wa kuvuna mpunga. Labda na nyumbani mwako liko, au liko njiani.

Kijana wangu wa tatu amemaliza kidato cha nne. Jioni moja alirudi toka kiwanjani, akaniamkia, akakaa juu ya kinu, akasema, "Baba, nimepata timu." Akatoa karatasi mfukoni. Katibu wa timu moja ya daraja la chini, katika mkoa mwingine, alikuwa amemwona katika mashindano ya tarafa. Karatasi ilisema posho ya shilingi laki moja na nusu kwa mwezi, chumba cha kulala pamoja na wenzake watatu, na jozi moja ya viatu. Hapo chini palikuwa na mstari wa kutia sahihi.

Mama yake akapiga kigelegele, kisha akanitazama mimi, kigelegele kikafa. Alijua kwamba nitanyamaza, nami nikanyamaza kweli.

Kijana akadhani nadharau. Akasema, "Hata Samatta alianzia chini, Baba." Sikuweza kumpinga. Mbwana Samatta alicheza African Lyon na Simba, akavuka kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi, toka huko akaenda Genk ya Ubelgiji, na Januari 2020 akaingia Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi ya juu kabisa ya Uingereza. Hayo kila mtoto wa kijijini anayajua kwa moyo kuliko hesabu za shule. Lakini mwenye shamba hapimi mavuno kwa suke moja, naye Samatta ni mmoja. Wengine wote waliokuwa wakicheza naye kwenye vumbi wako wapi? Mmoja wao, japo wa zamani kidogo, ndiye mimi.

Naam, nilicheza mpira. Nilianza mwaka 1989, nikiwa na miaka kumi na minane, katika timu ya kiwanda kimoja. Siku hizo timu nyingi zilikuwa za mashirika na viwanda: za reli, za bandari, za pamba. Mchezaji aliandikwa kazi kiwandani, asubuhi alikuwa karani au mlinzi, na saa tisa alitolewa kwenda mazoezini. Mimi niliwekwa stoo, kuhesabu magunia. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini ulikuja mwisho wa mwezi, na mtu akiugua alikwenda zahanati ya kiwanda. Ulipofika mwaka 1994 kiwanda kikafungwa, na timu ikafa siku hiyo hiyo. Mashirika mengi yaliuzwa miaka ile, na timu zake nyingi zikaenda nayo.

Tangu hapo nikawa mtu wa begi. Nilichezea timu nyingine nne katika miaka saba. Tulisafiri juu ya malori ya chumvi, tukalala madarasani juu ya madawati yaliyounganishwa, tukacheza kesho yake. Tukishinda tulipewa soda na mkate na nauli. Tukishindwa, viongozi walipotea kabla ya refa hajavua filimbi shingoni. Msidhani nalalamika tu. Palikuwa na Jumapili ambazo watu elfu mbili walikaa juu ya miti na kuta kunitazama mimi, mtoto wa mkulima, nikimkimbiza winga wao hadi kwenye kibendera. Nikizikumbuka, hata leo nasimama wima zaidi shambani.

Mwaka 2001 goti langu la kulia liligeuka nyuma mbele katika mchezo usio na maana yoyote, dakika za mwisho, sisi tukiongoza mabao matatu. Kiongozi mmoja alikuja hospitali mara moja na machungwa sita. Sikumwona tena, wala timu haikutoa hata senti moja ya matibabu. Marehemu baba yangu aliuza ng'ombe wawili. Nilirudi nyumbani kwa fimbo, na watoto walipokua nikawaambia kwamba niliuacha mpira mwenyewe, kwa kuwa nilitaka kulima.

Uongo huo, ndugu zangu, ndio ulionifunga mdomo jioni ile.

Nilimpigia simu mpwa wangu, mwalimu, mtu wa kusoma sana, nikamwomba anitafutie habari za mchezaji wa kawaida wa huko Ulaya, asiye nyota, nione na wao huishije. Baada ya siku mbili akanisomea habari za mtu aitwaye Tony Ford. Sikuwa nimelisikia jina hilo maishani mwangu, na nadhani nanyi vile vile.

Ford alizaliwa mwaka 1959 katika Grimsby, mji wa wavuvi ulio pwani ya mashariki ya Uingereza. Alianza kuichezea timu ya mji wake, Grimsby Town, mwaka 1975, umri wake miaka kumi na sita. Lazima mjue kwamba ligi za Waingereza zina ngazi nne, na vilabu tisini na viwili: ishirini huko juu, na ishirini na vinne katika kila ngazi ya chini yake. Kila mwaka wengine hupanda na wengine hushuka. Grimsby ilikuwa ngazi ya tatu alipoingia, ikashuka ya nne, ikapanda tena, na mwaka 1980 ikatwaa ubingwa wa ngazi ya tatu, Ford akiwamo. Alicheza winga ya kulia, na alipozeeka akarudi nyuma kuwa beki.

Mwaka 1986 waliazimwa nguvu zake kwa Sunderland, kama sisi tuazimanavyo plau, halafu akauzwa Stoke City. Kutoka Stoke akaenda West Bromwich Albion. Hapo akarudi Grimsby, akaazimwa Bradford City, akaenda Scunthorpe United, akashuka hadi Barrow ambayo wakati huo ilikuwa nje ya ngazi zote nne, akapanda tena kwa Mansfield Town, na mwisho Rochdale. Alitundika viatu mwaka 2001, mwaka ule ule nilioacha mimi. Lakini mimi nilikuwa na miaka thelathini, yeye arobaini na miwili!

Katika miaka hiyo ishirini na sita alicheza michezo 931 ya ligi. Hakuna mchezaji mwingine wa Uingereza aliyefikisha hesabu hiyo, isipokuwa golikipa Peter Shilton aliyecheza 1,005, na golikipa, mtanisamehe, hakimbii. Na katika michezo yote hiyo 931, Ford hakucheza hata mmoja katika ngazi ya juu kabisa. Kila timu alipoingia, ilikuwa chini. Hatimaye alipewa nishani na serikali ya Malkia kwa utumishi wake katika mpira.

Nilipoisikia habari hiyo nilimwambia mpwa wangu aisome tena.

Halafu nikamwuliza: goti lake lilipouma, nani alilipa? Mpwa akacheka, akasema Mjomba, hilo ndilo swali lenyewe. Akanieleza kwamba wachezaji wa kule walikuwa na chama chao tangu mwaka 1907. Na msifikiri kwamba zamani walikuwa wakistarehe. Mpaka mwaka 1961 palikuwa na sheria kwamba mchezaji yeyote, hata awe bingwa namna gani, asilipwe zaidi ya pauni ishirini kwa juma. Tena mkataba wake ukiisha, kilabu kiliweza kumzuia asiende kwingine. Wakiongozwa na mchezaji mmoja, Jimmy Hill, wakatishia kugoma wote, na Januari 1961 kikomo kile kikaondolewa. Miaka miwili baadaye, 1963, mchezaji George Eastham akashinda kesi mahakamani juu ya ule uzuizi. Ford aliingia uwanjani wengine wakiwa wamekwisha kumfyekea njia. Hata hivyo wachezaji wa ngazi za chini wa huko hawana usalama mwingi: mikataba yao mingi ni ya mwaka mmoja au miwili, na kila mwezi wa tano vilabu hutoa orodha ya wanaobaki na wanaoachwa. Ni vibarua, ila kibarua chao kimeandikwa.

Usiku ule nilimwita kijana wangu nje, chini ya mwembe. Nikamweleza habari za Ford toka mwanzo hadi mwisho. Akasikiliza vizuri, akahesabu timu kwa vidole. Kisha nikakunja mguu wa suruali, nikamwonyesha goti kwa mwanga wa tochi, nikamwambia habari za machungwa sita na za ng'ombe wawili wa babu yake.

Alikaa kimya muda mrefu. Akasema, "Baba, sasa kwa nini ulituambia uliacha mwenyewe?"

Nikamwambia, "Niliona aibu, mwanangu." Sikuwa na jibu jingine, na sasa hivi ninapoandika sina.

Mama yake alikuwa mlangoni, alisikia yote. Yeye ndiye aliyesema kwamba kama mtoto ataenda, basi asiende kama mbuzi aliyenunuliwa mnadani. Baba yake aende naye kuuliza. Nikauliza nauli itatoka wapi. Akasema itatoka kwenye karanga zake.

Tukapanda basi, baba na mwana, hadi kwa katibu yule. Alitupokea vizuri, akatununulia chai. Nikamwuliza maneno matatu tu. Karatasi hii ni ya muda gani? Posho ikichelewa, kijana atakula kwa nani? Na akivunjika, nani atampeleka hospitali na kulipa? La kwanza alijibu upesi: msimu mmoja. La pili alisema kuna mama ntilie anayewakopesha, timu hulipa mwisho wa mwezi. La tatu alicheka, akasema, "Mzee, tumwombee asivunjike."

Nikamwambia, "Bwana Katibu, mimi hapa niliombewa sana." Nikakunja suruali mbele yake na mbele ya mama wa chai.

Hakucheka tena. Alitoka nje na simu yake, akaongea kitambo, akarudi. Akachukua kalamu, akaandika chini ya karatasi kwa mkono wake: timu itagharimia matibabu ya mchezaji akiumia mazoezini au mchezoni. Akatia sahihi, kijana akatia yake, na mimi yangu. Nikaomba na mhuri. Akasema mhuri uko kwa mwenyekiti, naye amesafiri, utagongwa juma lijalo.

Nilirudi Nzega peke yangu. Kijana amekwisha kucheza michezo tisa, na mara moja wamemweka beki wa kulia. Kila Jumapili jioni hupiga simu kumsalimu mama yake, kisha huniomba mimi. Nami kila mara, kabla ya kuuliza nani kashinda, humwuliza kama mhuri umekwisha kugongwa.