Datsun 240Z na Jiwe la Njia ya Mgange

Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally ya mwaka 1971 kwa Datsun 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akalitwaa taji hilo kwa gari la aina hiyo hiyo, pembeni yake akiwa Lofty Drews. Mjomba wangu alikuwa kijana wakati huo, na moyo wake haukutulia hadi alipopata la kwake. Kwangu mimi lilikuwa gari la chini ya turubai. Nililijua kwa umbo tu. Kwa hiyo aliponiambia, "Mpwa wangu, jiandae, tunakwenda Taita," sikuuliza tunafuata nini huko.

Tulitoka Nairobi alfajiri. Ndani ya gari hili mtu huketi chini sana, miguu imenyooka mbele, na boneti refu linaonekana kama halina mwisho. Injini yake ina silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, na sauti yake ikipanda haipigi kelele, inaimba. Athi River, Sultan Hamud, Emali, Kibwezi: kila tuliposimama watu walikuja kuliangalia, wazee wakiwaeleza vijana. Pale Mtito Andei mzee mmoja aligusa paa kwa kiganja, akalitaja jina la Mehta, akaenda zake.

Voi tukakunja kulia kuelekea Mwatate, kisha tukaanza kupanda Wundanyi. Lami ina kona zinazofuatana, mabonde yako chini yako, na hewa inabadilika kabla hujajua. Hapo ndipo mjomba aliponieleza nia yake. Alitaka kufika Mgange, mbele ya Wundanyi, kwa gari lile, kwa sababu vilima vya Taita vilikuwa katika njia za Safari Rally za zamani.

Magari yale ya mashindano yaliinuliwa na kufungwa kinga nene ya chuma chini ya injini. La mjomba lilikuwa kama lilivyotoka kiwandani. Mbele ya Wundanyi njia ikawa ya udongo, na mvua ilikuwa imeuchukua udongo ikayaacha mawe. Katika kona moja bodaboda iliyobeba mikungu ya ndizi ilitokea ghafla. Mjomba akaikwepa. Gurudumu la kushoto likaingia kwenye mtaro, na tumbo la gari likatua juu ya jiwe.

Kishindo kile nilikisikia kwenye uti wa mgongo. Katikati ya dashibodi ya 240Z kuna geji ya shinikizo la oili. Mjomba aliitupia jicho, sindano ilikuwa inashuka, na papo hapo akazima injini. Namsifu kwa hilo mpaka leo. Ndani ya sampo, beseni la oili chini ya injini, kuna bomba linalovuta oili, mdomo wake ukiwa karibu kabisa na sakafu. Sampo ikibonyea, mdomo huo huzibwa. Ikipasuka, oili humwagika. Kwa vyovyote vile injini inabaki kavu, na injini kavu ikizunguka hata kidogo tu beringi zake zinaungua. Mtu anayesema "ngoja nisogeze tu pale mbele" ndiye anayenunua injini nyingine.

Vijana wa kijijini walitusaidia kulitoa mtaroni. Lori dogo likalibeba hadi Voi, kwenye gereji ya fundi mmoja mtu mzima, chini ya miti, kiwanja chake kimefagiliwa safi. Alilala chali chini ya gari na tochi kwa muda mrefu bila kusema neno. Alipotoka alimwambia mjomba, "Mzee, sampo si kazi. Kazi ni huu mhimili."

Hapa lazima nieleze, maana wengi hudhani kila gari lina chesisi inayobeba bodi juu yake. 240Z haina. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Chini ya sakafu kuna mihimili miwili ya bati lililokunjwa, imeshikwa kwenye sakafu kwa nukta za kuchomelea, na ubavuni mwake karibu na ukuta wa injini ndipo linapofungwa guu la chuma linaloshika mkono wa gurudumu la mbele. Jiwe letu lilipiga hapo hapo. Kwa hiyo bati likirudi nyuma kidogo, gurudumu nalo linarudi, na gari litavuta upande mmoja hata ukilipaka rangi mara kumi.

Fundi alichukua timazi, ile ile ya waashi. Aliiteremsha kutoka kwenye matundu ya chini ya gari, kushoto na kulia, akatia alama za chaki kwenye saruji, kisha akapima kwa utepe kutoka kona hadi kona. Mstari mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwenzake kwa upana wa kidole. "Sasa tunajua," akasema. Gereji nyingi nilizoziona huanza kwa nyundo. Huyu alianza kwa kupima, na ndiyo maana namwandika.

Kabla ya kuchomelea, viti, zulia na tabaka la lami lililobandikwa sakafuni vyote vilitolewa, kwa kuwa hushika moto kabla fundi hajauona. Tangi la petroli likashushwa, paipu za petroli na za breki zikaachanishwa, betri na altaneta zikakatwa ili umeme wa mashine usiziharibu. Kijana mmoja aliwekwa ndani ya gari na mtungi wa kuzimia moto, kazi yake kutazama tu.

Mhimili ulivutwa kwa mnyororo na winchi ya mkono, pole pole, wakipima kila baada ya kuvuta, mpaka mistari miwili ikalingana. Kisha fundi akakata sehemu iliyochanika, na ndani tukaona jambo baya kuliko jiwe: kutu iliyojaa matope ya zamani, na juu yake puti nene iliyopakwa rangi nyeusi. Kuna aliyewahi kuona mhimili umeoza, akaufunika, akalipwa. Mjomba alinyamaza. Mimi niliingiwa na hasira, kwa kuwa juu ya puti ile tulikuwa tumepita kilomita zote zile kutoka Nairobi.

Kipande kipya kilikunjwa kwa bati la milimita 1.5, kikatobolewa matundu pembeni na kuchomelewa humo kimoja kimoja, pakiachwa papoe, kwani bati jembamba likishika moto sana hujikunja. Mishono ikazibwa, ikapigwa rangi ya zinki, na ndani ya mhimili ikamiminwa nta ili maji yasipate pa kukaa.

Sampo ilinyooshwa na kuzibwa kwa gesi na shaba baada ya kuoshwa kwa maji ya moto na sabuni. Ili kuijaribu, fundi aliipaka chokaa kwa nje, akaiacha ikauke, akatia mafuta ya taa ndani. Mafuta ya taa hupenya hata pale oili isipopenya, na chokaa nyeupe haifichi doa. Asubuhi yake ilikuwa nyeupe vile vile. Kabla ya kuifunga alihakikisha mdomo wa bomba la oili haugusi sakafu yake.

Mjomba alilijaribu barabara ya Voi kwenda Mwatate. Palipokuwa pamenyooka aliachia usukani kidogo. Gari halikuvuta kushoto wala kulia, na geji ya oili ilisimama mahali pake. Mgange hatukufika safari hiyo.

Nawasihi wote wenye magari ya enzi hizo: likigonga chini, msikubali lipakwe rangi kabla fundi hajawaonyesha vipimo vya kona kwa kona, na mhimili haujafunguliwa mkauona kwa macho yenu.