Kipaza Kimenyamaza, na Mafundi Wote ni Wanaume



Anayepanga usiku wa wanawake hufikiria hina, keki, viti na mtu wa kukaa mlangoni. Kipaza sauti hakimo kwenye orodha. Halafu kinanyamaza, wanawake mia wamo ndani vichwa wazi, bi harusi kafumua nywele, na kila anayejua umeme yuko uani na wanaume wenzake. Hapo ama shughuli isimame kila mtu atafute buibui lake, ama mmoja wetu ajue pa kuanzia.

Msimu wa korosho uliopita tulialikwa Newala na mama mdogo wa bi harusi. Kule harusi nyingi husubiri fedha za korosho, kwa hiyo vyombo vya muziki hugombaniwa. Gitaa na amplifaya yake vilikodiwa Masasi, chini kule kwenye milima ya mawe, vikapandishwa uwanda wa Makonde nyuma ya gari. Mpigaji ni mwenzetu. Baada ya Isha akachomeka, taa ikawaka, akapiga nyuzi: kimya.

Bibi wa bi harusi akauliza, "Wajukuu zangu, niwaitie kijana?"

"Bibi, tuvumilie kidogo."

Taa ikiwaka, umeme unaingia, usihangaike na soketi. Isipowaka ndipo utazame swichi, ekstensheni na fyuzi. Plagi zetu za pini tatu zina fyuzi ndani yake. Sisi tulianza na vitufe vya sauti, maana gitaa nalo lina chake na husahaulika. Kisha tundu la hedifoni, kwani kwenye amplifaya nyingi ukichomeka kitu hapo spika hukatwa. Hamna kitu. Kisha waya, mtuhumiwa wetu wa siku zote: hukatikia ndani karibu na jeki, na kwa nje ukauona mzima. Tukaweka wa akiba. Kimya.

Jaribio lililotupa jibu ni dogo mno. Tulishusha sauti, tukauchomoa waya upande wa gitaa tu, tukagusa ncha ya jeki kwa kidole. Spika ikaunguruma. Basi waya mzima, amplifaya nzima, spika nzima. Ugonjwa uko kwenye gitaa. (Ila kama bati la amplifaya linakupiga shoti hata kidogo, usilijaribu hili. Zima, chomoa plagi, uache hapo.)

Lile lilikuwa gitaa la mbao lenye betri ya volti 9 ndani. Magitaa mengi ya namna hiyo hayana swichi: kuchomeka jeki ndiko kuwasha, hata kama hakuna anayepiga. Nalo lililetwa waya umechomekwa, na kwa siku ngapi kabla ya safari, Mungu ndiye ajuaye. Betri ilikuwa imekwisha. Nyingine ya aina hiyo tuliipata kwenye maiki ya ustadhati, aliyekuwa keshamaliza mawaidha. Alicheka, akaitoa mwenyewe.

Tunajua wako miongoni mwenu wasiotaka gitaa, wanaotosheka na dufu. Hatubishani nao hapa. Lakini maiki ya mawaidha nayo hunyamaza, kwa waya au betri vile vile, na wanawake ukumbini ni wale wale.

Siku hizi tunamtaka anayekodisha aje kuwasha vyombo mbele yetu kabla ya Magharibi, wanawake hawajaingia, tusikie sauti, kisha atoke. Mkobani mwa mpambaji, pamoja na pini za shela, tunaweka waya wa pili, betri mpya na fyuzi mbili. Kifuniko cha amplifaya hatukifungui hata ikichomolewa, kwa sababu umeme hubaki ndani kwa muda na unaweza kuua. Na kikinuka moshi, zimeni, chomoeni, mabuibui yaletwe, fundi aitwe.