Hodi Ziwani Nakivale

Mwenye mtumbwi alituagiza vitu vitatu kutoka Mbarara: chumvi, betri za tochi na kamba ya manila. Hema hakulitaja. Tulilibeba hata hivyo, tukijiona tumejiandaa.

Ijumaa alasiri tulipakia mizigo kwenye teksi, jina ambalo Uganda hupewa basi dogo la abiria, tukatoka mjini kuelekea Isingiro. Tulivuka mto Rwizi, maji yake mekundu kama chai ya rangi iliyokolea. Rwizi hutoka milima ya Buhweju, ukapita Mbarara na kuunywesha mji, kisha ukajipoteza katika vinamasi vya mafunjo vinavyolisha mlolongo wa maziwa madogo: Mburo, Nakivale, Kachera, Kijanebalola. Mwisho wa yote ni Ziwa Victoria. Maji yale ya darajani yalikuwa yanakwenda tuendako sisi, ila hayakuwa na haraka. Tukapita Kaberebere, tukapita Kabingo, migomba ikipanda vilima hadi kileleni, kisha lami ikaisha na vumbi likaingia garini kama abiria mwenzetu.

Nakivale ni kati ya makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda. Leo ina watu zaidi ya 150,000, Wakongo wakiwa wengi, pamoja na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea. Jioni ile, kwenye vibanda vya eneo la Base Camp, ndani ya makazi hayo, tulikunywa chai ya maziwa yenye iliki kwa Wasomali, tukala sombe, yaani kisamvu, na ugali wa muhogo kwa Wakongo, na pote tuliagiza kwa Kiswahili. Ziwa liko karibu, lakini wengi hulijua kwa sura moja tu: maji yaliyosafishwa, yakitoka bombani, yakijaza kidumu cha njano.

Sisi tulitaka kulijua kwa sura nyingine. Tulikuwa wanne na mwenye mtumbwi wa tano. Mimi nimekulia Mwanza. Mmoja alizaliwa Baraka, wilaya ya Fizi, kwenye ufuko wa Tanganyika. Wa tatu ni Msomali mwenye duka la simu, ambaye hakuwahi kupanda chombo cha majini. Wa nne ni dada wa Bukavu, fundi cherehani, aliyetangaza tangu mwanzo kwamba hatapika. Na mwenye mtumbwi, Mrundi wa Rumonge mwenye mvi, tulimwita Mzee, naye akatuita watoto, ingawa wawili kati yetu tuna watoto wanaonyoa ndevu.

Alfajiri ya Jumamosi ukungu ulikuwa umelala juu ya maji. Mtumbwi ulikuwa wa mbao, mwembamba, maungio yake yamezibwa kwa pamba na lami. Msomali alikabidhiwa kidumu kilichokatwa nusu na kuambiwa kazi yake: kufua maji. "Kwa hiyo yanaingia?" akauliza. "Kidogo," Mzee akajibu, akasukuma.

Yule wa Baraka alishika kafi kama mtu aliyerudishiwa mkono wake. Alipiga mara tano, kwa nguvu, na mara ya sita kafi ikaleta tope. Akacheka hadi mtumbwi ukayumba. "Hii si ziwa, Mzee, ni sahani! Kwetu unatumbukiza kamba, kamba inamalizika mbele ya maji kumalizika." Hakutia chumvi: Ziwa Tanganyika lina kina cha hadi mita 1,470, na duniani linazidiwa na Baikal peke yake. Nakivale, mahali pengi, halifiki mita nne. Mzee akamnyang'anya kafi akampa upondo, mti mrefu wa kujisukumia chini ya ziwa. "Hapa usilipige. Lisukume."

Tukaenda hivyo asubuhi nzima, kando ya ukuta wa mafunjo. Mdiria walining'inia hewani wakipepesa mbawa kabla ya kujitupa majini. Mnandi walikausha mabawa juu ya miti iliyokufa. Ng'ambo, ng'ombe wa Ankole walishuka kunywa, pembe zao ndefu zikifika majini kabla ya midomo. Tangu 2006 maziwa ya Nakivale na Mburo na vinamasi vyake yamo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, na Ziwa Mburo, jirani, limo ndani ya hifadhi ya taifa iliyotangazwa 1983. Viboko hawajasoma mipaka hiyo.

Tulipofika mdomo wa ghuba ndogo, Mzee akasimamisha mtumbwi. Akachukua upondo akagonga ubao wa ubavuni: ko, ko, ko. Akasubiri. Akagonga tena.

"Unafukuza nini?" nikauliza.

"Sifukuzi. Napiga hodi. Kiboko akikusikia, atakupisha. Usipomwambia, ataibuka chini yako, na hapo kosa ni lako. Unapita uani kwa watu, mwanangu."

Mapovu yakapita upande wa kushoto, kwa mstari, kama mtu anayeondoka bila kuaga. Dada wa Bukavu alisali kwa sauti. Msomali hakusema kitu, ila maji ndani ya mtumbwi yaliisha kabisa.

Usiku tulilala kwenye kimwalo cha wavuvi, juu, mbali na njia ambazo viboko hupandia kwenda malishoni. Tuliwasha moto mkubwa wa magogo ya mgunga. Nikaanza kulisimika hema langu. Yule wa Baraka aliniangalia nikihangaika na vigingi, kisha akatandika mkeka wake kando ya moto. "Yaya, mimi nililala ndani ya shitingi ya wakimbizi miaka mbili. Leo nalala nje." Hakuna aliyeingia. Mvua ya manyunyu ilipokuja usiku wa manane, hema lilihifadhi unga, chumvi na viberiti, nasi tukajifunika nailoni tukasogeleana.

Asubuhi tulivuta nyavu na Mzee. Kibali chake cha uvuvi kilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, kifuani. Samaki wa kwanza akazua mjadala: mimi nikamwita sato, Mzee akamwita ngege, yule wa Baraka akasema huyu kwao asingepewa jina, angepewa paka. Kamongo alipotoka, mrefu, mwenye uso wa mzee aliyeamshwa usingizini, kila mtu alinyamaza. Samaki huyu huvuta hewa, na ziwa likikauka hujichimbia topeni akasubiri mvua. "Huyo ni mwenzetu," akasema dada wa Bukavu. Mgao wa chakula cha wakimbizi umepunguzwa mara kwa mara miaka hii ya karibuni. Ndiyo maana yeye hushona hadi saa sita usiku. Ndiye aliyempika kamongo, licha ya tangazo lake.

Siku ya kurudi niliomba upondo. Mzee akanipa, akakaa mbele akanipa mgongo, heshima kubwa kutoka kwake. Nilisukuma vizuri, nikaanza kujisikia mwenyeji. Tulipofika kwenye ile ghuba nilikuwa nimeshaingia nusu. Katika mtumbwi ule, mimi pekee ndiye niliyekuwa na pasipoti na nchi ya kurudi Jumatatu. Na mimi ndiye niliyesahau kugonga.

Kabla Mzee hajafungua kinywa, wenzangu wote walikuwa wanagonga: yule wa Baraka kwa kafi, dada kwa ngumi, Msomali kwa kikombe cha bati. Mbali, karibu na mafunjo, masikio mawili yakajitokeza, yakatikisika, yakazama.

"Amesema karibu," akasema yule wa Baraka.

"Hapana," Mzee akamsahihisha. "Amesema piteni."